Je, Msitu Hurudi Wenyewe?

Wako watu wengi katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang ambao, wakiambiwa habari ya moto unaopanda mlimani wakati wa kiangazi, hujibu hivi: "Moto ulikuwako tangu zamani za babu, na msitu hurudi wenyewe." Maneno haya twayasikia barazani, twayasikia mnadani, twayasikia hata kwa watoto shuleni, ambao wameyapata nyumbani. Nasi tumeona yatupasa kuyajibu, maana ni kweli nusu, na neno lililo kweli nusu ni gumu kung'oka kuliko uwongo mtupu.

Kwanza tuikiri ile nusu iliyo kweli. Pori la chini, lile la miombo, limezoea moto. Miti yake ina magome mazito na mizizi iendayo mbali, nayo ikikatwa au ikiungua huchipua tena kisikini na mizizini mara mvua zinapoanza. Jirani zetu wa Duru-Haitemba, katika wilaya ya Babati, ni mashahidi. Msitu wao wa miombo, wa hekta kama 9,000, ulikuwa umeharibika sana mwanzoni mwa miaka ya 1990, hasa watu walipopata habari kwamba serikali yataka kuutwaa uwe hifadhi yake, wakafanya haraka kukata kabla ya kunyimwa. Katikati ya miaka hiyo ukatiwa mikononi mwa vijiji vinane vyenyewe. Wanakijiji wakaweka sheria zao na walinzi wao, wakazuia moto na ukataji. Na muda si mrefu machipukizi yakafunika nchi. Basi wazee waliosema pori hurudi hawakusema uwongo. Walisema habari za pori walilolijua. Kosa ni la sisi tuliochukua maneno ya bondeni tukapanda nayo mlimani.

Maana msitu wa mlima si miombo. Tazama mwangati na podo, miti inayoota juu ya Hanang na katika milima yetu. Mwangati una gome jembamba la nyuzinyuzi. Moto ukipita shinani mwake, aghalabu hufa, wala kisiki chake hakitoi machipukizi kama mti wa miombo. Tumaini lake lote li katika mbegu. Na mbegu hiyo yataka mti mzazi uliosalimika karibu, na ndege wa kuichukua, na mvua ya kuiotesha, na tena miaka mingi ya amani, mpaka mche uwe mti uwezao kuzaa mbegu wenyewe. Podo naye, mbegu zake hazidumu sana udongoni, na miche yake hupenda kivuli cha miti mikubwa. Ukikiondoa kivuli, umeondoa kitanda cha mtoto.

Hebu fikiri yatokeayo moto ukipita mara ya pili kabla miche haijazaa. Miti wazazi imekwisha kupungua mara ya kwanza. Miche iliyoota inakufa mara ya pili. Na majani marefu, ambayo hayakupata nafasi chini ya kivuli, sasa yana uwanja mzima. Majani hayo hukauka kila kiangazi, yakawa kuni tayari za moto wa tatu. Hivyo mahali pa msitu hugeuka malisho yasiyo malisho mazuri, na watoto wa leo hudhani palikuwa hivyo tangu kuumbwa kwa nchi.

Na hapo ndipo inapoingia habari ya joto. Dunia yetu imeongezeka joto kwa zaidi ya digrii moja tangu zamani za kabla ya viwanda vikubwa. Mtu ataona digrii moja si kitu. Walakini mche wenye mzizi wa urefu wa kidole huona tofauti, kwa kuwa ni udongo wa juu ndio unaokauka kwanza. Mti mkubwa waweza kuvumilia kiangazi kirefu, maana unakunywa chini. Mtoto wake hawezi. Kwa hiyo mtu aweza kuutazama msitu kwa mbali akauona u mzima, kumbe ni mkusanyiko wa wazee wasio na wajukuu. Na siku moto utakapowaondoa, hakuna wa kushika mahali pao.

Jambo hili halikubuniwa na sisi. Huko Marekani, katika milima ya Rocky, wataalamu walikagua mahali karibu 1,500 palipounguzwa na mioto 52, wakatoa habari yao mwaka 2018. Katika sehemu zilizoungua kabla ya mwaka 2000, walikuta 19 kwa mia hazikuota mti hata mmoja. Katika sehemu zilizoungua baada ya hapo, zisizoota zilikuwa 32 kwa mia. Nchi ni ile ile, miti ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba miaka iliyofuata moto ilikuwa ya joto na ukavu zaidi. Ikiwa msitu wa nchi ile tajiri, yenye ndege za kumwaga maji juu ya moto, umeshindwa kurudi, sisi wenye matawi mabichi na majembe twajitumainisha kwa nini?

Lakini tusiende mbali. Kilimanjaro twakiona kwa macho. Wageni huja kupiga picha barafu ya Kibo na kusikitika kwamba inayeyuka, na sisi husikitika pamoja nao. Mjerumani Andreas Hemp, aliyechunguza mimea ya mlima ule kwa miaka mingi, ameonyesha jambo ambalo watu hawalisemi sana: hasara ya maji iliyoletwa na moto ni kubwa kuliko ile ya kuyeyuka kwa barafu. Huko juu palikuwa na misitu ya miti yenye majani madogo kama sindano, yenye kazi ya kuukamata ukungu na kuudondosha chini kuwa maji. Kwa kuwa miaka imekuwa mikavu, moto umezidi kuila misitu ile, na mpaka wa msitu umeshuka badala ya kupanda, ingawa joto limeongezeka. Mwezi wa Oktoba 2020 mlima uliwaka tena kwa siku nyingi, na mwaka 2022 ukawaka tena. Ukungu bado wapita, lakini wa kuukamata wamepungua.

Basi, nasi tuna ukungu wetu. Asubuhi ngapi mtu wa Mbulu hauoni msitu wa Nou kwa sababu wingu limeulalia? Na mtu wa Hanang anajua kwamba upande wa kusini na mashariki wa mlima una msitu mnene, na upande mwingine ni mkavu. Mlima ule ni wa metre 3,400 na zaidi, umesimama peke yake katika nchi kavu. Hauna mlima ndugu wa karibu wa kuupelekea mbegu ukiungua. Tulipoteza huu, ndege atatoka wapi na tunda la podo kinywani?

Hapa tutaje kwa heshima msiba wa tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliposhuka kutoka Hanang juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Hatusemi kwamba moto ndio ulioangusha mlima. Wataalamu wa serikali walieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilijaa maji ya mvua kubwa ikameguka, na mtu asitumie makaburi ya jirani zake kushindia mabishano. Tunalosema ni hili tu: mvua za namna ile zikija juu ya mteremko ulioungua, usio na majani wala mizizi mibichi, udongo hushuka upesi zaidi. Ni nani anayetaka kulijaribu hilo huko juu ya Katesh?

Sasa wako wengine, nao ni wasomi kuliko wale wa kwanza, wasemao: "Haya ni mabadiliko ya hali ya hewa. Waliochafua hewa ni mataifa makubwa. Sisi tutafanya nini?" Ni kweli kwamba waliochoma makaa ya mawe na mafuta mengi si watu wa Mbulu, na deni hilo wadaiwe wenyewe. Lakini joto peke yake haliwashi nyasi. Kiberiti kinatoka mfukoni. Anayeutayarisha msitu kwa kuukausha yuko mbali, na anayeuwasha yuko hapa, na kosa la yule halimtakasi huyu. Tena kwa kuwa hatuna nguvu juu ya joto, ndiyo sababu kubwa zaidi ya kukishika kile tulicho na nguvu juu yake.

Na lawama si ya mchungaji na mrina asali peke yao, ingawa ndio wanaokamatwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yakataza kuchoma pori bila ruhusa, na ni vema. Lakini ruhusa ikiwa mbali na ngumu kupatikana, mtu huchoma kwa siri, tena huchoma mwishoni mwa kiangazi, wakati moto ulio mbaya kuliko wote unapopata upepo. Afadhali nyasi za chini zichomwe wazi mwezi wa Mei au Juni, zingali na unyevu, watu wakisimama na matawi, kuliko kuachwa hata Septemba. Sisi walimu nasi tuna lawama yetu. Twapenda siku ya kupanda miti: watoto huimba, mgeni hushika jembe, picha hupigwa, na mwezi wa Oktoba miche ile imekauka, hakuna aliyepiga picha. Mlima haukuhitaji sana miche yetu. Ulihitaji miaka 20 bila moto.

Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu. Ule ulio kabla ya mwezi wa Mei ndio wa kuamua ni nyasi zipi zitachomwa mapema, ni nani atakayesimamia, na mpaka gani moto usiuvuke. Warina asali na waitwe, wakae mbele. Maana wao wanazijua njia za moto mlimani kuliko sisi wenye chaki.