Wagunduzi wapimwe shambani, si kwa hati ya nyumba



Kuna jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu. Jambo lenyewe ni jinsi wenye mitaji wanavyowachunguza vijana wanaotaka kuanzisha kampuni zinazotokana na utafiti wa sayansi, kabla ya kuwapa fedha. Huenda baadhi ya wasomaji watashangaa mkulima wa Kiruruma, huku Karagwe, anahusika vipi na mambo ya mitaji na maabara. Nahusika, kwa sababu mimi na wenzangu tumekwisha kuwa wenye mitaji, na fedha yetu ikapotea.

Kwa wasomaji wa mikoa ambako watu hula ugali, nieleze kwanza kwamba kwetu mgomba si zao la bustani tu. Ndio chakula cha kila siku, ndio pombe ya arusi na ya msiba, ndio kivuli cha kahawa. Ugonjwa wa mnyauko unaoletwa na bakteria ulielezwa na wataalamu mara ya kwanza huko Ethiopia mwaka 1968. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka 2006 ukawa umekwisha fika katika mkoa wetu wa Kagera. Majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, na ukizikata ndani zina rangi ya kahawia. Ukikata shina linatoa ute wa manjano. Hakuna dawa ya kuutibu.

Sasa, wakati ugonjwa ulipokuwa umepamba moto, alikuja kijijini kwetu bwana mmoja aliyevaa vizuri na kusema kwa adabu. Alisema yeye na wenzake wamegundua dawa ya maji ya kuponya mnyauko, na kwamba wanatafuta watu wa kununua hisa ili waitengeneze kwa wingi. Alikuwa na karatasi zenye mihuri na picha alizopiga na wakubwa. Tukamwomba atuonyeshe. Akachagua mashina matatu ya migomba yaliyoanza kuugua, akaagiza ule mgomba wenye dalili ukatwe chini kabisa, kisha akamwaga dawa yake. Baada ya miezi michache machipukizi yaliyobaki yalikuwa ya kijani na yenye afya. Tulipiga makofi. Chama chetu cha kuweka na kukopa kikatoa fedha, na baadhi ya wanachama wakaongeza za mifukoni mwao. Mzee mmoja aliuza mbuzi. Bwana yule hatukumwona tena.

Ni baadaye bwana shamba alipotueleza siri ya ile miujiza. Bakteria wa mnyauko hawaenei upesi katika machipukizi yote ya shina moja. Ukiuwahi mgomba ulioonyesha dalili, ukaukata chini na kuutoa, mara nyingi ile mingine inasalimika. Hii ni njia inayofundishwa na wataalamu wenyewe, pamoja na kuondoa ua dume mapema kwa kijiti chenye panda na kuchoma panga motoni kila unapotoka shina moja kwenda jingine. Maana yake ni kwamba kilichoponya migomba yetu ni panga letu wenyewe, na ile dawa ingeweza kuwa maji ya kisimani. Laiti tungemwambia, "Bwana, kata mashina kumi umwage dawa yako, na mengine kumi yakatwe hivyo hivyo yamwagiwe maji matupu, tuone," tungejua ukweli wote bila kutoa hata senti moja. Hatukuuliza. Tulitazama mihuri.

Siwalaumu wenzangu wala sijilaumu sana, kwa kuwa hata matajiri wa dunia wameanguka katika shimo hili. Huko Marekani kulikuwa na kampuni iliyoitwa Theranos, iliyoanzishwa mwaka 2003 na binti mmoja, Elizabeth Holmes. Alidai kuwa mashine yake inaweza kupima magonjwa mengi kwa matone machache ya damu ya kidoleni. Watu wenye akili na fedha nyingi, pamoja na mwenye magazeti Rupert Murdoch, wakamwaga humo mamia ya mamilioni ya dola. Katika bodi ya kampuni walikaa mawaziri wa zamani na majenerali. Kila mwenye fedha aliona mwenzake ametoa, akadhani huyo mwenzake ameichunguza mashine. Kampuni ilifungwa mwaka 2018, na mwaka 2022 mwenyewe alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Yeye alikuwa na majenerali, bwana wetu alikuwa na mihuri.

Huo ni upande mmoja, wa kuamini bila kupima. Lakini kuna upande wa pili ambao kwa maoni yangu unaumiza taifa zaidi, nao ni kupima kisichohusika.

Yupo binti wa hapa kwetu aliyesomea sayansi ya mimea hadi chuo kikuu. Anataka kuanzisha maabara ndogo ya kuzalisha migomba ya chupa. Kwa wasiojua, kazi yenyewe ni kuchukua kiini kidogo cha chipukizi zima, kukisafisha, na kukiotesha ndani ya chupa yenye chakula maalum mpaka kitoe machipukizi mengi, ambayo nayo hugawanywa tena na tena. Kisha miche inatolewa na kuzoezwa kivulini kabla ya kwenda shambani. Chipukizi moja linaweza kuzaa mamia ya miche isiyo na vijidudu. Si jambo la ndoto. Uganda wanayo maabara ya watu binafsi inayofanya kazi hii huko Buloba, karibu na Kampala, na Kenya wamekuwa wakiifanya tangu miaka ya 1990.

Binti huyu alikwenda benki moja. Swali la kwanza lilikuwa hati ya nyumba. Baba yake ana shamba la ukoo lisilo na hati, kama wengi wetu. Akaenda kwa watu wengine wa mjini ambao wanasema kazi yao hasa ni kuwapa mitaji vijana wabunifu. Hao walimtaka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, ilhali kampuni bado haijazaliwa, na wakamuuliza atawezaje kuongeza wateja mara kumi kwa mwaka. Ndugu Mhariri, mgomba ukiupanda leo, mkungu wake wa kwanza utauona baada ya mwaka na zaidi. Watu hao walikuwa wanampima kwa kipimo cha programu ya simu, ambayo hutengenezwa chumbani na kusambaa nchi nzima kwa wiki chache. Hakuna hata mmoja wao aliyeomba kuona mche.

Alipotusimulia hayo nyumbani kwao, nilimwuliza, "Mwanangu, wewe ungekuwa na fedha, ungejiuliza nini?" Alicheka, kisha akasema maswali ambayo mpaka leo sijayasahau. Angetaka kujua kati ya miche 100 iliyotoka chupani ni mingapi iliyo potofu, kwa sababu ukizidisha kugawanya kiini kimoja mimea huanza kubadilika. Angetaka kujua ni chupa ngapi zinaharibika kwa kuvu umeme unapokatika. Angeuliza chipukizi la kwanza lilitoka shamba gani na nani alilipima. Na zaidi ya yote angeuliza kama mkulima wa Karagwe, ambaye tangu enzi za babu zake anapewa machipukizi bure na jirani, atakubali kutoa fedha kununua mche. Tena mche wenyewe hauna kinga. Umetoka chupani ukiwa safi, lakini ukiupanda katikati ya migomba inayougua, na panga likiwa chafu, utaugua kama mwingine. Alisema hayo yote dhidi ya biashara yake mwenyewe! Mtu wa namna hiyo mimi ningempa fedha hata kabla sijaona maabara.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kuwa kampuni ya kisayansi ina hatari za aina mbili, na mwenye fedha anapaswa kuzitenganisha. Duka la nguo lina hatari ya soko tu. Nguo yenyewe ipo, tatizo ni kama watu watainunua. Kampuni ya utafiti ina hatari ya soko, na kabla ya hiyo ina hatari kwamba kitu chenyewe hakitafanya kazi, au kitafanya kazi ndani ya maabara na kukataa shambani, au kitafanya kazi shambani kwa gharama isiyolipika. Wamarekani wa shirika la anga, NASA, walianza miaka ya 1970 kuweka ngazi za kupima ukomavu wa utaalamu mpya. Leo ngazi hizo ni 9. Ya kwanza ni wazo, ya tisa ni chombo kilichokwisha kufanya kazi katika mazingira yake halisi. Mwenye fedha mjuzi huuliza kwanza kitu kiko ngazi ya ngapi, kisha hutoa fedha ya kukitoa ngazi hiyo hadi inayofuata. Kikipanda, anatoa nyingine. Kikishindwa, amepoteza kidogo na amejifunza.

Huyo mjuzi pia humtafuta mtaalamu asiye na hisa wala undugu na kampuni, arudie jaribio lile lile kwa mikono yake. Anauliza ugunduzi ni mali ya nani, ya kijana au ya chuo kilichomsomesha, na kama kuna hataza, yaani haki ya ugunduzi iliyoandikishwa. Anauliza vibali, kwa sababu dawa ya mimea bila ruhusa ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ni chupa ya kukupeleka mahakamani. Swali hili moja lingetosha kumfukuza yule bwana wetu.

Uvumilivu nao ni sehemu ya uchunguzi. Kazi ya kuchanganya migomba ili kupata mbegu mpya za kupika, iliyoanza Uganda miaka ya 1990, ilitoa mbegu zilizoruhusiwa kutumika Tanzania mwaka 2021. Hakuna tajiri anayetaka faida mwakani ambaye angeifadhili kazi hiyo. Ilibebwa na serikali na wafadhili, na ndivyo ilivyopaswa. Lakini mbegu ikishapatikana, kuizalisha na kuiuza ni kazi ya kampuni, na hapo mtaji wa kawaida unaweza kuingia.

Kuna watakaosema fedha ya benki ni amana ya watu, haiwezi kuchezewa bahati nasibu za maabara. Nakubali kabisa. Mimi mwenyewe sitaki akiba yangu ikopeshwe kwa wazo. Ninachosema ni kwamba wale waliojitangaza kuwa kazi yao ni kubeba hatari wasijifiche nyuma ya masharti ya benki. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, aliyetengeneza chujio la maji, alipata pauni 25,000 mwaka 2015 kutoka Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Mwaka 2023 kampuni ya NovFeed, ya Mtanzania Diana Orembe, inayotengeneza chakula cha samaki kwa kutumia bakteria na taka, ilishinda dola milioni moja huko Marekani. Ni fahari yetu. Lakini fedha zote mbili ni za tuzo, na zote zimetoka nje. Walioweza kuwatambua watu wetu walikuwa mbali.

Nashauri hivi. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia inao mfuko, na tangu mwaka 2019 yapo mashindano ya MAKISATU ya kuwatafuta wabunifu. Mshindi asipewe hundi na picha tu. Sehemu ya fedha itengwe kulipia majaribio ya mtu wa tatu, kwa mfano kituo cha utafiti cha Maruku kwa mambo ya migomba, na majaribio hayo yafanywe katika mashamba ya wakulima, pamoja na mashina yasiyopewa kitu ili kulinganisha. Matokeo yaandikwe kwa Kiswahili, yabandikwe ofisi ya kata. Karatasi hiyo ndiyo kijana aende nayo kwa mwenye mtaji, na mwenye mtaji naye alazimike kuisoma kabla ya kuuliza hati ya nyumba. Sisi wa vyama vya akiba vijijini nasi tuitumie, maana matapeli hawaendi Dar es Salaam peke yake.

Kwa upande wetu hapa Kiruruma, chama hakina hamu tena ya hisa, na sikulaumu, lakini nimetoa sehemu ya shamba langu. Tumepanda mistari miwili ya miche ya binti yule na mistari miwili ya machipukizi ya kawaida, samadi sawa, panga lile lile linalochomwa moto. Bwana shamba anakuja kuhesabu, si mimi wala binti. Mkungu wa kwanza ukitoka nitakuandikia tena, hata kama matokeo yatakuwa mabaya.

Mkulima,
Kiruruma, Karagwe,
Kagera.