Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani: mwanangu apewe karatasi yake

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mkazi wa Luzira, Kampala, mama wa kijana aliyezolewa katika msako uliofuata mabomu ya tarehe 16 Novemba 2021, akawekwa ndani, kisha akaachiwa bila kushtakiwa. Ya siku ile, pale Kituo Kikuu cha Polisi na karibu na Bunge, unayajua kuliko mimi. Waliouawa Mungu awarehemu, na waliopanga unyama ule wahukumiwe. Nakuandikia kwa sababu mwanangu hana karatasi hata moja inayosema hana kesi, na kwa kukosa karatasi hiyo maisha yake yamesimama.

Alikuwa mtunza stoo katika kampuni moja ya eneo la viwanda. Walimkamata alfajiri akitoka msikitini, kanzu mwilini. Kituo alichopelekwa sikitaji hapa, maana sitaki arudishwe huko kwa ajili ya kalamu yangu. Ibara ya 23 ya Katiba inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Zilipita saa 48, zikapita wiki, na chakula nilichokuwa nikipeleka kilikuwa kinarudishwa kama kilivyo.

Nikueleze alichoulizwa humo ndani. Aliulizwa nani alimfundisha Kiarabu. Aliulizwa kwa nini suruali yake inaishia juu ya kifundo cha mguu, kwa nini anafuga ndevu na bado kijana, na namba ya Kongo iliyo kwenye simu yake ni ya nani. Ni ya mjomba wake, mdogo wangu mimi, anauza vitenge Bunia. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi mabomu yalipolipuka. Alikuwa stoo anapokea mzigo, na sahihi yake imo kwenye daftari la siku ile.

Akatoka kwa bondi ya polisi. Kila Jumatatu akawa anakwenda kuripoti, nauli yangu, kutwa nzima kwenye benchi. Mpelelezi wake akahamishwa. Aliyekuja badala yake akafungua faili, akamwambia aende nyumbani, humo hamna kitu. Alisema kwa mdomo tu. Hakuandika neno, hakugonga muhuri.

Kazini wakamwambia alete barua ya polisi kwamba hana kesi. Akarudi kituoni kuiomba. Jibu lilikuwa kwamba barua kama hiyo haitolewi kwa mtu ambaye hakushtakiwa. Tazama, Mheshimiwa, sheria ilivyomkalia mtu asiye na kosa. Aliyeshtakiwa akashinda kesi anatoka na hukumu ya jaji mkononi. Mwanangu, ambaye serikali haikupata hata neno moja la kumshtaki nalo, anatoka mikono mitupu. Kazi yake akapewa mwingine. Kila anakoomba sasa anaulizwa aliacha kwa nini pale pa kwanza, na akisema kweli, mahojiano yanaishia hapo.

Posa yake ilirudishwa. Mwenye nyumba alimtaka ahame. Mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wetu, aliyemwona akizaliwa, anasita kumwandikia barua ya pasipoti. Siwachukii. Wote wanauliza karatasi iko wapi.

Wapo watakaosema huyu ni kijana mmoja, ni bahati mbaya. Nami ningesema hivyo kama yasingetokea yaliyotokea. Alipouawa msemaji wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, Machi 2017 kule Kulambiro, waliosombwa wengi wao walikuwa Waislamu. Walifika mahakamani na majeraha ya kituo cha polisi cha Nalufenya, na Oktoba mwaka ule Mahakama Kuu ikaamuru 22 kati yao walipwe shilingi milioni 80 kila mmoja kwa mateso waliyopata. Mwaka 2016, katika kesi ya mabomu ya Kampala ya Julai 2010, wanaume watano waliachiwa na mahakama ileile, wakakamatwa tena mara tu walipotoka gereza la hapa Luzira. Na Novemba 2021, katika siku zilezile za mwanangu, Sheikh Muhammad Abbas Kirevu alipigwa risasi akafa mikononi mwa vyombo vya usalama. Hukumu ya mahakama hakuisikia.

Na sisi Waislamu tunauawa vilevile. Sheikh Hassan Kirya aliuawa Bweyogerere mwaka 2015. Sheikh Muhammad Kiggundu, meja wa jeshi, aliuawa Novemba 2016. Tuliwazika kwa machozi kama ya Waganda wengine. Iweje tukiuawa tuwe raia, na bomu likilipuka tuwe watuhumiwa?

Sensa ya 2014 ilituhesabu asilimia 13.7 ya nchi hii, karibu mtu 1 katika kila 7. Hatukuingia jana. Waislamu waliuawa kwa imani yao Namugongo enzi za Kabaka Mutesa wa Kwanza, karibu miaka 10 kabla ya mashahidi Wakristo tunaowakumbuka kila tarehe 3 Juni. Nina dada wa tumbo moja ambaye ni Mkatoliki. Idi anakula kwangu, Krismasi nakula kwake, na watoto wetu wamelala kitanda kimoja. Familia za namna hii zimejaa Kampala. Lakini ukifika mlango wa kituo, mtoto wa dada yangu anaulizwa jina, wangu anaulizwa msikiti anaosali.

Mimi nimezaliwa katika kota za Magereza, hapahapa Luzira. Baba yangu, Mwislamu wa swala tano, alikuwa askari jela. Alifungua na kufunga milango ile kwa ajili ya serikali zilizopita moja baada ya nyingine, na alipostaafu alipewa hati ya utumishi, ina muhuri, imeandikwa kwamba tabia yake ni njema. Kiswahili ninachokuandikia nilikipata kwenye kota zile. Serikali ilijua kumwandikia babu. Mjukuu anashindikana nini?

Ninachodai si fadhila. Toa amri kwamba mtu yeyote aliyeshikwa akaachiwa bila mashtaka apewe barua siku hiyohiyo: jina lake, tarehe aliyokamatwa, tarehe aliyoachiwa, kwamba hana kesi, sahihi na muhuri. Ni ukurasa mmoja. Waliotoka zamani bila barua waandikiwe sasa, Mwislamu na asiye Mwislamu, maana najua wapo vijana wa vyama vya upinzani wanaotembea na aibu hiihii. Ibara hiyohiyo ya 23 inasema aliyeshikwa kinyume cha sheria ana haki ya fidia; hiyo tutaidai mahakamani. Na wakumbushe maofisa wako kwamba ibara ya 7 inasema Uganda haina dini ya taifa. Kwa hiyo ndevu si ushahidi, kanzu si ushahidi, na kujua Kiarabu si kosa katika sheria yoyote iliyopitishwa na Bunge. Anayeshindwa kupeleleza bila kuuliza mtu anasali wapi, aondolewe kwenye kazi ya upelelezi.

Nakala ya barua hii nimeileta kwenye masijala ya wizara yako. Ndani yake nimeweka jina la mwanangu, namba ya bondi na jina la kituo. Faili polisi wanalo. Naomba wizara iwaagize waandike.

Wako,
Mama wa Luzira