Mgongo Uliopinda Siyo Uvivu

Jamani, tuseme ukweli. Kwenye foleni ya mgao wa chakula kuna mama anakaa chini kila mara. Watu wanamcheka: "Mvivu huyo, kibiongo!" Na sisi vijana wa kujitolea, tunaopanga foleni, tulimwambia asimame. Tulikosea.

Skoliosisi ni uti wa mgongo kupinda upande na kujisokota. Mara nyingi chanzo chake hakijulikani. Siyo uchawi. Mwenye mpindo mdogo anaweza kufanya kazi zote kama sisi. Lakini mpindo mkubwa unaweza kuongezeka hata ukubwani: mgongo unauma, kusimama sana kunachosha, miguu inaweza kufa ganzi, na ukizidi kabisa hata pumzi inakuwa fupi.

Kwa hiyo tunaomba vitu vidogo tu. Benchi moja kwenye foleni. Dumu la lita 20 tumgawie mara mbili, au tumbebee. Lakini tusimfungie ndani, maana kutembea na mazoezi vinampa nguvu. Na miguu ikianza kulegea, twende naye zahanati haraka.

Foleni itasogea tu, wapendwa. Mwacheni akae, na nafasi yake tumtunzie.