Je, Uungwana Nao Uzikwe?

Moyoni nina dukuduku, na nikilinyamazia litanichoma. Waliosema heri kulisema wala kulimeza hawakukosea.

Ijumaa moja muhula uliopita mkutano wa Chama chetu cha Kiswahili uligeuka soko. Katibu alisoma pendekezo moja tu: chama kiandike barua nyingi kwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, kuomba kipindi cha "Je, Huu ni Uungwana?" kisizikwe pamoja na mwenyewe. Basi hapo kelele! Mmoja wa kidato cha nne aliinuka akasema, "Wacheni bwana, hiyo ni ya wazee." Mwengine akasema mwenye kipindi keshafariki, sasa tunataka nini tena, mzimu? Wa tatu akacheka, akauliza ni nani siku hizi anayesoma barua. Kengele ikalia, tukatawanyika bila kuafikiana. Mwenyekiti aliniambia nikiwa na neno niliandike gazetini. Ndilo hili.

Nianze na asiyekijua kipindi chenyewe. Marehemu Leonard Mambo Mbotela alikianzisha mwaka 1966, redio ikiwa bado yaitwa Sauti ya Kenya, na alikiendesha kwa miongo mingi. Mambo yake yalikuwa mepesi kuyaeleza. Alichukua kisa cha kila siku, cha ndani ya basi, cha harusini au cha nyumba ya jirani, akakisimulia kwa sauti yake ile ya taratibu, yenye utani kidogo. Halafu akauliza: je, huu ni uungwana? Hakumtaja mtu wala hakumtukana mtu. Lakini waliokuwa wakisikiliza kila mmoja alijikuna pale panapomwasha.

Ndiye huyo huyo aliyetutangazia kandanda mpaka vipofu wakaona goli. Ndiye pia ambaye, tarehe 1 Agosti 1982, askari waasi walimlazimisha kutangaza redioni kwamba serikali imepinduliwa. Alifariki tarehe 7 Februari 2025.

Sasa niulize. Wangapi kati yetu tunajua kwamba mtu huyo alizaliwa hapa hapa Kisauni, Freretown, mwaka 1940? Tunapita Kengeleni kila uchao, makanga wanaliita jina hilo mpaka koo zinakauka, na kengele yenyewe ipo pale barabarani, lakini twaiona kama nguzo ya stima tu. Ile ni kengele ya mji wa watumwa waliokombolewa. Wamishonari waliuanzisha miaka ya 1870, na watu walionyang'anywa kutoka majahazini waliletwa hapo waanze maisha upya. Ukoo wa Mbotela ni miongoni mwa hao. Mtu wa ukoo huo, James Mbotela, aliandika kitabu kiitwacho "Uhuru wa Watumwa", kilichotoka mwaka 1934, akisimulia habari hizo kwa Kiswahili.

Hapo ndipo ninapotaka tutulie kidogo, maana hoja yangu kubwa imelala hapo. Neno "uungwana" katika pwani yetu zamani halikuwa na maana ya adabu peke yake. Muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, asiye mtumwa. Ulikuwa nao kwa kuzaliwa au hukuwa nao kabisa, na aliyeletwa kwa minyororo, hata angekuwa na adabu za malaika, hakuitwa muungwana. Kisha, baada ya miaka, anatoka mtu wa ukoo wa waliokombolewa, anakaa mbele ya kipaza sauti cha taifa, anamwuliza tajiri na maskini, mkubwa na mdogo: je, huu ni uungwana? Yaani uungwana si nasaba tena, ni tendo. Usiniambie babu yako alikuwa nani, niambie asubuhi hii umemfanyia nini mwenzako.

Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kuliko kipindi cha redio. Na limetoka mtaani kwetu. Tukiliacha lipotee, wa kulaumiwa si watu wa Nairobi.

Nirudi kwa wenzangu walioinuka mkutanini. Wa kwanza alisema ni mambo ya wazee. Haya, twende naye kivukoni Likoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Feri imefika, lango limefunguliwa, na watu wanateremka mbio kama maji ya mvua. Kuna bi kizee mwenye kikapu cha maandazi, ananyanyaswa kwa viwiko. Wanaomsukuma si wazee wenzake. Ni sisi, wenye sare na beji ya skuli kifuani! Siku moja nilimwona mwanafunzi, simtaji, amekaa kitako katika matatu ya Changamwe, amefumba macho kama aliyelala, na mama mjamzito amesimama mbele yake ameshika chuma. Alipofika kituoni kwake macho yalifumbuka yenyewe, bila kuamshwa. Je, huu ni uungwana? Mwenzangu, hayo si ya wazee. Hayo ni yetu, ya jana na ya leo. Simu kulia matangani, mtu kupigwa picha akiwa ameumia barabarani badala ya kuinuliwa, siri ya rafiki kusambazwa kwa watu mia kabla ya chai ya saa nne: mzee wetu angekuwa hai angepata visa vya mwaka mzima kwa siku moja.

Wa pili alisema mwenyewe ameshafariki. Ni kweli, na hapa nakubali nusu ya hoja yake. Sitaki tuombe mtu wa kumwigiza. Kuna watu wanaweza kuiga ile sauti mpaka ukashtuka, lakini kuiga ni kuiga, na kila tukisikiliza tungekuwa twapima nani kapatia na nani kakosea. Badala ya kujiuliza kama tuna adabu, tungejiuliza kama yule bwana anafanana na Mbotela. Basi tuombe lile swali lirudi, na liulizwe kwa sauti nyingine, hata ya kijana, hata ya msichana wa Likoni mwenye lafudhi yake ya Likoni. Mwimbaji hufa, ngoma hupokewa na mwengine.

Wa tatu aliuliza nani anasoma barua. Huyu namjibu kwa kisa cha mbali kidogo. Kule Marekani, mwaka 1966, ulianza mchezo wa televisheni uitwao Star Trek, wa watu wanaosafiri angani kwa chombo. Mle ndani alikuwamo mwanamke Mweusi, afisa wa mawasiliano, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina lake Uhura. Mnalisikia hilo jina? Limetokana na neno letu, uhuru! Basi mchezo ulipokuwa katika mwaka wake wa pili, habari zikaenea kwamba kampuni ya NBC inataka kuufuta. Bibi mmoja, Bjo Trimble, na mumewe John wakaanza kuwahimiza mashabiki waandike barua. Kanuni yake moja ilikuwa kila mtu awaombe watu kumi waandike, na kila mmoja wa hao naye awaombe kumi. Nyingine ilikuwa kila mtu aandike kwa maneno yake mwenyewe, asinakili. Kati ya Desemba 1967 na Machi 1968 zilifika barua zaidi ya 100,000, na tarehe 1 Machi 1968 NBC ilitangaza hewani kwamba mchezo utaendelea.

Lakini msikimbilie kupiga makofi, kwani hadithi haijaisha. Mchezo ulirudi ukiwa na fedha pungufu, ukawekwa Ijumaa saa nne usiku, wakati ambao vijana waliokuwa wakiupenda hawakai nyumbani. Mwaka 1969 ukafungwa, ukiwa na sehemu 79. Hata hivyo mashabiki hawakuweka kalamu chini. Mwaka 1976 barua zao zilifanya chombo halisi cha angani cha Marekani kipewe jina la chombo cha mchezo ule, Enterprise, na mwaka 1979 filamu yake ya kwanza ikatoka. Nami nimejifunza mawili hapo. Barua husomwa, zikiwa nyingi na zikiwa za kweli. Na ukiomba kitu kirudi bila kutaja kirudi vipi, waweza kurudishiwa mifupa.

Kwa hivyo nasema hivi. Mpango aliousoma katibu una kasoro moja: ulitaka tuandike barua moja nzuri, mwalimu aisahihishe, kisha sote tuinakili. La, hasha! Barua mia mbili zinazofanana ni barua moja iliyopigwa chapa mara mia mbili. Anayezipokea atasoma ya kwanza, atazifunga kamba zilizobaki. Tusikiombe kipindi kama watoto wanaolilia peremende. Tukitume! Kila mmoja wetu aandike kisa kimoja alichokiona kwa macho yake, kivukoni, sokoni Kongowea, bwenini au katika foleni ya chakula. Asitaje jina la mtu. Akisimulie kwa Kiswahili chake safi, ukurasa mmoja, na amalizie kwa swali lile lile. Kisha mstari wa mwisho aseme: tunaomba visa kama hivi visomwe redioni, saa ambayo mwanafunzi na mzazi wake wote wako macho, na msomaji wake alipwe ujira wa haki.

Barua za namna hiyo zikifika Nyumba ya Utangazaji hawataona ombi tu, wataona kazi iliyokwisha andaliwa. Kipindi kile malighafi yake ilikuwa sisi wenyewe na vituko vyetu. Malighafi hiyo haijaisha, ole wetu, imezidi.

Mtaniuliza, na wakikataa je? Wanaweza kukataa, wana mambo yao na bajeti zao. Lakini hebu fikirini mwanafunzi aliyekaa akaandika kwa mkono wake kuhusu bi kizee wa maandazi. Kesho yake asubuhi akifika kivukoni, atasukuma? Mie sidhani. Viwiko vyake vitakuwa vizito. Hata barua ikipotea njiani, itakuwa imeshafika kwa mtu mmoja, naye ni mwandishi.

Nami nikiri hapa mbele yenu, nisije nikawa nyani haoni kundule. Yule mwanafunzi aliyejifanya amelala katika matatu ya Changamwe nilisema simtaji. Simtaji kwa sababu mnamjua, na makala yake mnaisoma hivi sasa. Kisa hicho ndicho barua yangu ya kwanza, na nimeshaitia stempu.

Mwenyekiti, lirudishe pendekezo mkutanini, lirekebishwe, tulipigie kura. Walimu wetu, tunaomba mtuchangie bahasha. Na wewe msomaji, waombe kumi.

Wasalaam.