Kompyuta kuukuu za Ukambani si za kutupwa

MICROSOFT ilipokomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, iliwaweka wenye saiba za Kitui na Makueni katika njia panda. Windows 11 hudai chipu ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Mashine nyingi za mitumba hazifiki hapo, ingawa zingali nzima.

Linux Mint ni ya bure na huzifaa. Kazi nyingi za eCitizen na iTax hufanyika ndani ya kivinjari, hivyo mteja hatapungukiwa. Kizingiti ni printa na skana: baadhi hukosa draiva, na saiba isiyochapisha itakula nini? Heri mfumo huo ujaribiwe kwanza kutoka kwenye flashi, karatasi ichapishwe, ndipo Windows ifutwe.