Akilipa Deni Mnasema Kafulia! Tuache Kumcheka Kijana Anayejikwamua

Kitaa kina macho ya ajabu sana. Kijana akichukua bodaboda ya mkopo anapewa hongera kila kona. Akitoka na simu ya macho matatu aliyoinunua kwa hela ya kikoba, anaitwa bosi. Siku akiiuza ile bodaboda ili apunguze madeni, akarudi kwenye kitochi, na kwenye harusi ya jirani akatoa elfu kumi badala ya hamsini, watu wanatikisa vichwa: jamani, yule dogo kafulia!

Ukweli ni kinyume kabisa. Siku za hongera ndizo alizokuwa anazama. Siku hizi anazochekwa ndizo anazopanda.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sasa mbona kwenye harusi tulijaa na vigelegele, halafu kwenye matanga tunakuja kucheka?

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 27 pale Busale, wilayani Kyela. Ni mfano tu, lakini ukipita vijiwe vya bodaboda kuanzia Kyela mjini hadi Kasumulu mpakani utapata wa kumfananisha naye. Deni lake halikuja siku moja. Lilianza na mkopo mdogo wa kwenye laini ya simu, wa kununulia mafuta ya pikipiki asubuhi na kurudisha jioni. Siku abiria walipokuwa wachache, akapakua programu ya mikopo ili alipe ule wa laini. Programu ilipomkaba, akaenda kwa mtu wa kausha damu. Kausha damu alipomkaba, akaenda kikoba. Kila deni lilizaliwa ili kulipa lililotangulia.

Mwisho wa siku hesabu yake ikasoma hivi: kausha damu wa kwanza laki tatu, wa pili laki mbili, kikoba laki sita, programu za simu laki moja na elfu themanini, dukani elfu themanini na tano, na laki nne za mjomba. Jumla 1,765,000. Kwa mwenye mshahara mnono hiyo ni hela ya wikiendi. Kwa anayeamka saa kumi na moja kusubiri abiria barabarani, ni mlima Rungwe.

Na kinachoua zaidi ni riba kuliko hiyo jumla. Tuseme kausha damu anatoza asilimia 30 kwa mwezi. Kwenye laki tatu, riba peke yake ni elfu tisini kila mwezi. Kijana akihangaika miezi sita akilipa riba tu, ametoa 540,000 na deni la laki tatu limekaa palepale linamkodolea macho. Kwa utaratibu wa Benki Kuu ya Tanzania, mkopeshaji wa daraja la pili mwenye leseni hatakiwi kutoza riba ya zaidi ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwenye laki tatu ileile hiyo ni shilingi 10,500. Elfu kumi na mia tano, na elfu tisini! Tofauti hiyo ndiyo ada ya shule ya mtoto, mbolea ya mpunga na bati za kumalizia nyumba.

Sasa mtu atauliza: kwa nini asimwambie kausha damu aende akashtaki? Hana hati yoyote ya maana, na pengine hana hata leseni. Jibu linajulikana na wote ila halisemwi. Dhamana ya mkopo wa namna hii mara nyingi siyo shamba wala pikipiki. Dhamana ni aibu.

Mkopeshaji asiye na leseni hapendi kwenda mahakamani. Anakuja kukaa mlangoni saa kumi na mbili asubuhi ili majirani waone. Wale wa kwenye simu nao wamekuwa wakiingia kwenye orodha ya namba za mkopaji na kuwatumia ujumbe mchungaji, mama mkwe na bosi wake, kwamba fulani ni tapeli. Ndiyo maana Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa hadharani orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Jirani zetu Kenya nao walitunga kanuni mwaka 2022 za kuwataka wakopeshaji wa mtandaoni wapate leseni ya Benki Kuu yao. Serikali zinafanya sehemu yake. Lakini hakuna kanuni inayoweza kuzuia umbea wa kisimani.

Na hapo ndipo lawama inaturudia sisi wote. Aibu ina thamani kwa mkopeshaji kwa sababu kitaa kinacheka. Kama majirani wangemwona mdai mlangoni wakasema tu, "Ndaga, karibu, kijana yuko kazini anatafuta ya kukulipa," ile dhamana ingeshuka bei siku hiyohiyo. Tukicheka, tunamfanyia mkopeshaji kazi ya ukusanyaji bila hata kulipwa.

Kuna namna nyingine ya deni ambayo watu wa Kyela wanaijua vizuri, nayo ni kuuza mazao yakiwa bado shambani. Kagera wanaiita butura, kahawa inauzwa ikiwa maua. Huku kwetu ni kakao. Mtu ana shida leo, anachukua hela ya mwenye nazo, kwa ahadi kwamba kakao ikiiva itakwenda kwake kwa bei waliyopatana siku ya shida. Bei ya siku ya shida huwa haifanani na bei ya mnadani.

Mwaka 2024 ulionyesha ubaya wake waziwazi. Mavuno ya Ghana na Ivory Coast yalikuwa mabaya, na bei ya kakao kwenye soko la dunia ikavuka dola 10,000 kwa tani, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mwenye kakao yake mkononi alicheka. Aliyeiuza ikiwa mtini alihesabu magunia yakipita mbele ya macho yake kwenda kwa mwenzake. Halafu mwaka 2025 bei ikashuka, na yeyote aliyekopa akitegemea neema ya 2024 ijirudie akabaki na deni la bei ya juu na kakao ya bei ya chini.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulikuja ili mkulima auze kwa mnada na siyo kwa huruma ya mtu mmoja. Ni jambo jema. Lakini kakao lazima ivundikwe siku kadhaa, ianikwe ikauke vizuri, ipelekwe chama cha msingi, isubiri mnada, kisha isubiri malipo. Katikati ya kusubiri huko mtoto anaumwa, au msiba unatokea, na yule mwenye hela za haraka yuko palepale kijiweni anatabasamu. Kijana anayetaka kutoka kwenye deni anahitaji kitu kimoja kuliko vyote: uwezo wa kusubiri hizo siku chache bila kukopa. Laki moja iliyofichwa kwa ajili ya kusubiri inaweza kuokoa zaidi ya laki moja.

Basi kupanda kunaonekanaje? Hakuna picha ya kuposti. Mwezi wa kwanza kijana anaandika madeni yote kwenye daftari, hata yale ya kuona aibu kuyaandika. Mwezi wa pili hakopi kipya, hata shilingi. Ukimuuliza deni limepungua kiasi gani atakwambia bado lilelile. Hayo tayari ni maendeleo makubwa, maana mwezi mmoja nyuma lilikuwa linaongezeka. Mwezi wa tatu anauza kinachouzika. Mwezi wa nne deni dogo la dukani linakufa, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka anapita mbele ya lile duka bila kuzunguka nyuma ya migomba. Nani atampigia makofi kwa kupita mbele ya duka? Hakuna. Lakini yeye anajua.

Lipi lilipwe kwanza? Hapa watu hubishana sana. Wapo wanaosema malizana na lenye riba kubwa, na kwa hesabu wako sahihi, maana kausha damu akiachwa anameza kila kitu. Wapo wanaosema anza na dogo upate moyo. Yote yana akili, ila kwa maisha ya kijijini kuna la tatu linalosahaulika: usikiache kikoba kikae kimya. Hela ya kikoba ni ya mama anayeuza mchele na dada anayekaanga samaki. Na kikoba ndicho ngazi ya kesho. Mpelekee mwenyekiti chochote, hata elfu tano kila wiki, na uhudhurie kikao ukae mbele. Ukikimbia kikoba, siku ya shida kubwa utarudi kwa kausha damu kwa sababu hakuna mlango mwingine uliobaki wazi.

Kausha damu naye alipwe, lakini kwa mazungumzo yenye mashahidi: alichotoa ni kiasi gani, alichokwisha kupokea ni kiasi gani, kilichobaki ni nini, kiandikwe, pande zote zitie saini. Ikibidi mbele ya mtendaji. Anayekataa kuandika ana sababu zake.

Wapo watakaosema huku ni kulea uzembe. Alikopa mwenyewe, alikula bata mwenyewe, acha anyooke. Hoja hiyo ina uzito na isidharauliwe. Mama aliyemdhamini kikobani akalazimika kuuza gunia la mpunga kumlipia ana haki ya kukasirika, tena ana haki ya kudai hadharani. Dawa ya deni ni kulipa, hakuna dawa nyingine. Lakini kudai ni jambo moja na kucheka ni jambo jingine. Anayedai anataka hela yake irudi. Anayecheka anataka nini? Na mara ngapi kijana aliyechekwa amekwenda kukopa tena, ili tu harusi ijayo atoe hamsini na aonekane mzima?

Hata serikali iliwahi kuona kwamba kumwongezea mzigo anayelipa hakumfanyi alipe haraka. Mwaka 2021 iliondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mikopo ya elimu ya juu, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa ikaondolewa pia. Deni halikufutwa. Kilichoondolewa ni kile kilichokuwa kinalifanya lisiishe. Kitaa nacho kinaweza kufanya hivyohivyo.

Kwanza, michango. Kamati ya harusi ikimpelekea kadi kijana mwenye marejesho, ipokee elfu tano yake kwa mikono miwili na isisome jina lake kwa sauti ya kejeli. Pili, vikoba viwe na utaratibu wa kupanga upya marejesho kwa anayejitokeza mwenyewe, na viwe vikali kwa anayejificha. Tatu, wazazi waambiwe mapema. Ni bora baba ajue deni likiwa laki tano kuliko kuamshwa na mtu anayepima shamba la kakao kwa hatua.

Na nne, ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, yaani nne ya vijana, nne ya wanawake na mbili ya watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa 2024, na haina riba. Ni nafasi nzuri kwa kikundi chenye kazi ya kweli. Ila kijana asiichukue kulipia kausha damu. Mkopo wa mradi ukilipa deni la zamani, mradi unakufa na deni jipya linabaki, safari hii likiwa na majina ya wenzake kwenye kikundi.

Kujenga tunakuona kwa tofali, kununua gari tunakuona kwa honi. Kulipa deni hakuna tofali wala honi, ndiyo maana tunakupita bila kukuona. Lakini kijana aliyetoka kwenye 1,765,000 mpaka laki tisa, bila kuiba, bila kukimbilia Mbeya mjini na kubadilisha namba, amejenga kitu. Huyo ndiye wa kumwozesha binti. Huyo ndiye wa kumpa uhazini wa kikoba, maana bei ya hela anaijua kuliko sisi tuliokuwa tunacheka.

Ukimwona kesho anapita kwa miguu na kitochi chake, msalimie vizuri. Usimuulize pikipiki iko wapi.

Wadau, mnasemaje? Anayelipa deni anastahili heshima, au mpaka amalize yote kwanza?