Jicho Halipimi Maji

Katika mji wa Mombo, uliokaa chini ya milima ya Usambara pale njia ya Soni na Lushoto inapoachana na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, imeenea itikadi ambayo nimeazimia kuipinga hadharani bila ya kumumunya maneno, kwa sababu naiona kuwa imewadhuru watu wetu kwa muda mrefu na kwa taratibu, hata wakayazoea madhara yake wakayaita majaaliwa: nayo ni itikadi ya kwamba maji yaliyo maangavu, yasiyo na harufu wala ladha ngeni, na khususan yale yaliyoshuka mlimani yakipita juu ya mawe, ni maji salama ambayo mwenye kuyatia dawa anayaharibu bure. Husemwa na mama lishe wa stendi anapomjazia abiria bilauri, husemwa na mwenye nyumba ya wageni anapoulizwa habari ya tangi lake, na husemwa hata na watu waliosoma, ambao walipaswa kuwa wa kwanza kuikanusha.

Asili ya itikadi hii ni ya heshima, nami sitaidhalilisha. Aliyesoma chuoni katika nchi hizi zetu za madhehebu ya Shafii amefundishwa tangu udogoni kwamba maji mengi, yaliyofikia kiasi cha kulateni, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi maadamu hayakubadilika rangi yake, wala ladha yake, wala harufu yake. Na sifa hizo tatu zikamkaa moyoni, akakua nazo, akazitoa kwenye birika la kutawadhia akazipeleka kwenye mtungi wa kunywea. Hapo ndipo kosa lilipoingia. Mafakihi walikuwa wakibainisha hukumu ya tohara, yaani maji yapi yanamfaa mja anayetaka kusimama mbele ya Mola wake, wala hawakudai kwamba hukumu hiyo ni ithibati ya kitabibu juu ya maradhi ya tumbo. Na fauka ya hayo waliweka sharti ambalo wasemaji wetu hulisahau, kwani kulateni hupita lita 150 kwa hesabu zinazojulikana, ilhali ndoo ya kichwani ni lita 20 tu, na maji machache kama hayo, katika madhehebu hayo hayo, hunajisika kwa kuguswa na najisi hata kama hayakubadilika chochote. Mwenye kuitegemea fikihi ili aikatae dawa ya maji, basi, hakuishika fikihi wala hakuushika utabibu. Na wale majirani zetu wasiokuwa Waislamu, miongoni mwa Wasambaa wa juu na Wazigua wa uwandani, wenye taadhima yao ya kale kwa chemchemi, nao wamefika pale pale kwa njia nyingine.

Tarehe ya nchi yetu inatoa burhani ya kutosha. Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu, kile ambacho wazee wa pwani walikiita waba, kiliishukia Unguja kikaua watu kwa maelfu. Na James Christie, tabibu wa Kiskoti aliyekuwa huko wakati huo, aliyafuatilia mapito ya maradhi hayo akayaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1876, akaeleza jinsi yalivyopita katika nchi ya Wamasai yakatelemkia Pangani kabla ya kuvuka bahari. Bonde la Pangani ndilo lililo mbele ya macho ya mtu asimamaye Mombo akaipa milima mgongo. Kwa hiyo habari hii si ya watu wa mbali. Wala hapana sababu ya kudhani kwamba wote waliokufa katika msiba ule walikunywa tope. Miaka 15 kabla yake, mwaka 1854, katika mtaa wa Soho mjini London, John Snow alionyesha kwamba vifo vya kipindupindu viliizunguka pampu moja ya Broad Street, na alipoyatazama maji ya pampu ile aliona uchafu mdogo sana, hata akasita kidogo katika dhana yake. Tena palikuwa na mjane mmoja aliyekwisha kuhamia Hampstead, mbali na mtaa ule, naye aliyapenda maji ya Broad Street kwa ladha yake hata akawa akiletewa kwa gari; akayanywa, akafa kwa kipindupindu, ilhali katika ujirani wake mpya maradhi hayo hayakuwapo. Ladha ndiyo iliyomwua. Ilipita yapata miaka 30 ndipo Robert Koch alipokibainisha kijidudu chenyewe kwa hadubini, kiumbe mdogo kiasi kwamba mamilioni yake yanaweza kukaa ndani ya bilauri moja na jicho la mwanadamu lisione ila maji yanayometa.

Na tuutazame mlima wenyewe, maana juu ya mlima ndipo wapinzani wangu wanapojenga hoja yao. Mombo ilipofikiwa na reli kutoka Tanga mwaka 1905, watu waliokaa juu walikuwa wachache mno kuliko leo, na misitu iliyozishika chemchemi ilikuwa mikubwa. Wazee waliosema kwamba maji ya mlimani ni mema walisema kwa kadiri ya mlima waliouona. Mlima wa leo umelimwa mpaka kwenye kingo za vijito. Viazi, kabichi, karoti na nyanya zinazopakiwa Soni na Lushoto kwenda Dar es Salaam zimeoteshwa kwa samadi na kunyunyiziwa dawa za wadudu. Ng'ombe na mbuzi hunywa pale pale yanapochotwa maji. Na vyoo vimechimbwa kwenye miteremko ambayo mvua ikinyesha haina pengine pa kuyapeleka yaliyomo ila chini, na chini ni kwetu. Mawe yanayosifiwa kwamba yanayachuja maji hayachuji kitu, kwa kuwa kijidudu kinachopita katika tundu ndogo ya kitambaa hakiwezi kuzuiliwa na jiwe linalopitiwa juu yake. Watu husubiri masika yaishe, maji yawe meupe, kisha hushusha pumzi. Nami nasema kwamba katika kiangazi, wakati kijito kimepungua, uchafu ule ule unaoingia hupata maji machache zaidi ya kuutawanya, na uweupe wa maji hausemi lolote juu ya hilo.

Ukitaka mifano isiyokuwa ya vijidudu, ipo karibu. Katika sehemu za Arumeru, chini ya mlima Meru, kuna maji maangavu ya kupendeza ambayo yamebeba madini ya floraidi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na watoto waliokua kwa maji hayo meno yao yamegeuka rangi ya kahawia, na wengine mifupa yao imepinda. Wala kuyachemsha hakufai, kwa kuwa mvuke huondoka na floraidi ikabaki. Na katika mifereji ya mpunga, mahali popote ambapo maji hutulia na konokono wakapata makazi, kichocho humwingia mtu kupitia ngozi yake anapooga au anapovuka, bila ya kunywa hata funda moja, na aghalabu katika maji ambayo mguu wa mwogaji unaonekana hadi kwenye kidole.

Sasa yanipasa kuwa na insafu, kwani kuna jambo moja ambalo uangavu wa maji unalifaa, na wengi hawalijui, hata miongoni mwa wale wanaotia dawa. Klorini, ambayo ndiyo dawa iliyo ndani ya chupa na vidonge vinavyouzwa madukani, haichagui: ikikuta tope, majani yaliyooza na uchafu wa kila namna, hushughulika navyo ikaisha kabla ya kuwafikia vijidudu, tena vijidudu vyenyewe hujificha ndani ya chembe za udongo. Kwa sababu hiyo maji yenye tope yapasa kwanza yatulizwe, mashapo yashuke chini, au yatiwe shabu, au mbegu za mlonge zilizosagwa kama walivyofanya watu wengi wa Afrika na Bara Hindi kabla ya viwanda, kisha yachujwe kwa kitambaa safi, ndipo yatiwe klorini. Uangavu, basi, ni mlango wa kazi, si mwisho wake. Na aliyetumia mlonge maji yakang'aa, akayanywa papo hapo kwa furaha, amefanya nusu ya kazi na kuiacha ile nusu iliyo muhimu zaidi.

Kipimo cha klorini ni sahali. Ndoo ya lita 20 yenye maji maangavu yahitaji klorini kiasi cha miligramu 2 kwa kila lita, yaani miligramu 40 kwa ndoo nzima, ambazo hupatikana katika mililita 4 za dawa yenye nguvu ya asilimia 1. Na maji yaliyobaki na ukungu hupewa mara mbili ya hapo. Kwa kuwa dawa za madukani hazilingani nguvu, yapasa maandishi ya chupa yasomwe na kifuniko kitumike kama yanavyoagiza, wala mkono usikadirie. Kisha ndoo hufunikwa ikangojwa nusu saa. Nusu saa hiyo wengi huidhulumu, wakatia dawa na kunywa hapo hapo, kana kwamba dawa inafanya kazi kwa kuwamo tu. Baada ya muda huo yafaa ibaki klorini huru, yaani ile isiyoungana bado na uchafu, isiyopungua miligramu 0.5 kwa lita, ili ilinde maji yasichafuliwe tena na kata inayochovywa au mkono wa mtoto. Na hilo ndilo linaloitofautisha na kuchemsha, kwani maji yaliyochemshwa kikamilifu huwa salama yanapotoka motoni lakini hayana mlinzi, na hugharimu kuni na mkaa ambao mlima wetu hauwezi kuendelea kuutoa.

Liko na jambo la uchachu wa maji, ambalo watu wa nyumbani hawajaambiwa kabisa. Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, chenye 7 katikati, na kadiri nambari inavyozidi 7 maji huelekea kwenye hali ya magadi, kama yalivyo maji ya visima vingi vya nchi kavu. Katika pH ya 7.5 takriban nusu ya klorini iko katika umbo lake lenye nguvu ya kuua. Ikipanda hadi 8.5 umbo hilo hubaki kama sehemu moja tu katika kumi, na sehemu nyingine zimo majini lakini ni dhaifu. Nyumba mbili zikitia kifuniko kile kile katika ndoo sawa, moja ikiwa na maji ya mlimani na nyingine ya kisima chenye magadi, hazikupata kinga sawa, na hapana jicho wala ulimi utakaowaambia wenyewe. Kwa maji ya aina hiyo kungoja zaidi ya nusu saa ni hadhari ya lazima.

Kosa la jicho lina ndugu yake, nalo ni kosa la pua. Katika mahoteli ya Tanga, Dar es Salaam na Unguja, yenye mabwawa ya kuogelea na yale madogo ya maji ya moto yanayotoa mapovu, wageni hunusa harufu kali ya dawa wakasema kwamba maji haya ni safi kweli kweli. Harufu ile kali si ya klorini iliyo tayari kwa kazi. Ni ya klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo wa waogaji, ambayo nguvu yake imekwisha kupungua, nayo huwasha macho na kifua. Na katika bwawa la maji ya moto mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa joto la nyuzi 38 au 40 haliui vijidudu bali huwastawisha wengi wao, wakiwamo wale wanaorushwa na mapovu wakaingia mapafuni, na joto hilo hilo huimaliza klorini upesi. Ndiyo maana wataalamu hutaka isipungue miligramu 3 kwa lita, na pH isipite 7.8, na ipimwe mara nyingi kwa siku. Mwenye hoteli anayesikia sifa ya harufu apaswa kushika kipimo chake mara moja.

Wapo wanaosema kwamba klorini huondoa uzazi. Ni neno lililosambazwa bila ya ushahidi: kiasi cha ndoo ni miligramu 2 kwa lita, na Shirika la Afya Duniani limeweka miligramu 5 kuwa ndiyo mpaka wa mtu kunywa maisha yake yote, na miji mikubwa ya dunia imekuwa ikitia klorini katika maji yake tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, na watu wake wamezaa na kujukuu. Lililokwisha kuthibitika kuwatoa watoto duniani ni kuhara, na mama yeyote aliyewahi kukesha na mtoto anayepungukiwa maji mwilini analijua hilo kuliko mimi.

Ninachokitaka kwa Mombo kinawezekana. Kidonge kidogo kinachogeuza maji rangi ya waridi pale klorini ilipo, kikilinganishwa na kadi ya rangi, kinampa mtu nambari kwa dakika chache, na Bwana Afya anakifahamu. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini ulioanzishwa mwaka 2019, pamoja na vyombo vya wananchi vinavyosimamia bomba za vijiji, na viandike nambari hiyo kila wiki kwenye ubao wa kila kituo cha kuchotea, kuanzia bomba la mwisho kabisa, lile lililo mbali na tangi, kwa kuwa huko ndiko klorini hufika ikiwa imechoka. Shule nazo ziwafundishe watoto kukitumia kidonge hicho kwa mtungi wa nyumbani. Na siku ubao utakapoonyesha sufuri, anayechota ajue kwamba maji hayo, hata yang'ae namna gani, yamemfikia bila ya kinga, ayatie dawa mwenyewe na kungoja.